Joto hili la Dar na kukimbia na mbwa: Doria ameniangukia Mtongani, naombeni ushauri

Mkimbiaji wa Tegeta

Wakuu, habari za jioni. Tangu Jumapili silali vizuri, naomba wenye uzoefu mnisaidie, hasa mnaofuga mbwa na kufanya mazoezi huku pwani.

Nina mbwa jike anaitwa Doria. Miaka mitatu, chotara, mama shepadi wa Kijerumani na baba mbwa wetu wa kienyeji, kilo 27. Nilimchukua akiwa na wiki nane, nikaja naye nyumbani ndani ya boksi la sabuni. Alipotimiza mwaka na nusu nikaanza kukimbia naye, siku nne kwa wiki, kilomita tano mpaka nane. Mwaka huu najiandaa na nusu marathoni ya Moshi, ile ya Kilimanjaro, mwisho wa Februari. Anayeijua anajua shida yake kwa sisi wa Dar: maandalizi yote yanaangukia Desemba, Januari na Februari, kaskazi imeshika, hata usiku shuka huitaki.

Jumapili tulichelewa kutoka kanisani, tukala, nikasema ngoja jua lipoe. Saa kumi na moja kasoro jioni tukatoka. Mawingu yalikuwepo, jua limeshainama upande wa Salasala, mimi mwenyewe nikaona hali nzuri. Upepo hakuna hata wa kutikisa jani. Tukafuata pembeni ya barabara ya Bagamoyo kuelekea Mtongani ili tushuke Kunduchi. Kilomita tatu za mwanzo alikuwa mbele yangu kama kawaida yake, kamba imekaza. Baadaye akarudi usawa wa goti langu. Nilifurahi wakuu! Nikasema leo anakimbia kwa adabu. Kidogo kamba ikaanza kunivuta kwa nyuma, na hata hapo nikamwambia "twende mama, twende", akaongeza mwendo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Nilimwambia twende naye akaja.

Karibu na Mtongani akaacha njia, akaenda chini ya mwarobaini akajilaza ubavu. Nilipomwangalia usoni nikaogopa. Ulimi ulikuwa umetoka wote nje, mrefu kuliko nilivyowahi kuuona, na huku mwishoni umetanuka na kujikunja kingo kama mwiko. Rangi imekuwa nyekundu ya kuiva sana, karibu na zambarau. Mate yalikuwa yananing'inia mazito, yanavutika kama mlenda. Nikamwita jina, akanitazama kama hanijui.

Vijana wanaoosha pikipiki pale barabarani Mungu awabariki. Mmoja alikuja na mpira wa maji bila kuulizwa, akaanza kummwagia. Mama muuza maembe akatoa kanga yake, tukailoweka tukamfunika. Watu wakajaa, kila mtu na lake. Mmoja akasema amekula sumu, mpeni maziwa, akakimbilia dukani akarudi na pakiti. Tulijaribu kumnywesha, yakatokea pembeni ya mdomo. Bajaji ya kwanza ikakataa kumpakia, ya pili ikakubali. Kwenye kliniki ya mifugo wakamtundikia dripu, saa nne usiku tukarudi naye nyumbani. Sasa anakula, anatembea, ila ni mpole kuliko kawaida yake.

Naomba kujua, je niachane kabisa na kukimbia naye mpaka masika yaingie? Au kuna saa na namna ya kukimbia naye salama joto hili? Kumwacha ni kazi. Akiniona nafunga kamba za viatu anakwenda getini kunisubiri, nikitoka peke yangu analia mpaka majirani wanauliza. Na nitajuaje mapema kwamba amechoka, kabla hajafika pale alipofika?


Baba wa Wawili, Kimara

Pole mkuu. Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Mbwa kazi yake ni kulinda nyumba, usiku anazunguka uwanja mzima, hayo ni mazoezi tosha. Marathoni ni yako wewe, mwache yeye apumzike kivulini.


Mkimbiaji wa Tegeta

Asante mkuu, nimekuelewa. Ila Doria halindi kwa kuzunguka, kwetu uwanja ni hatua kumi kwa nane. Kabla sijaanza kukimbia naye alikuwa anachimba msingi wa ukuta na kutafuna mabomba ya maji. Tangu tuanze ametulia, amekuwa mbwa mwingine. Ndiyo maana nauliza namna ya kuendelea na siyo tu namna ya kuacha.


Daktari wa Mifugo, Morogoro

Mleta uzi pole sana, na hongera kwa kumfikisha kliniki siku ileile. Nimesoma SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapa Moro, kazi hii nina miaka kumi na moja, na Januari na Februari kesi kama yako haziishi. Nitaandika kwa urefu kwa sababu wanaosoma ni wengi.

Kwanza ujue mbwa wako anapoaje. Wewe unatoka jasho mwili mzima, jasho likikauka linaondoka na joto. Mbwa jasho lake ni dogo tu, kwenye nyayo, halimsaidii kitu. Anapoa kwa kuhema. Unyevu wa ulimi, mdomo na pua unakauka na kubeba joto. Sasa Dar Januari hewa imeshiba maji, hakikauki kitu, angalia nguo zako kwenye kamba siku isiyo na upepo. Mbwa anahema na kuhema, anafanya kazi kubwa, na kuhema kwenyewe kunamwongezea joto. Ndiyo maana mawingu yalikudanganya. Uliangalia jua, wakati kilichomwangusha ni unyevu na kukosa upepo. Ongeza lami. Wewe kichwa chako kiko mita moja na nusu na zaidi juu, tumbo lake liko shubiri moja au mbili tu kutoka kwenye lami iliyochomwa tangu asubuhi. Saa kumi na moja jioni lami bado inatoa joto la saa nane. Weka mgongo wa kiganja chako pale, hesabu mpaka saba polepole. Ukishindwa kuvumilia, hapo si pa kupita naye, hata kwa kutembea.

Joto la kawaida la mbwa ni 38 na pointi mpaka 39 na kidogo. Akikimbia linapanda, hilo ni kawaida na linashuka akipumzika. Likivuka 41 huku anayumba au hakutambui, huo ni ugonjwa wa joto, na unaua.

Dalili umezieleza vizuri mwenyewe, tatizo hujui ulikuwa unazieleza. Mbwa wa kukaa mbele akirudi usawa wako, simama. Usisubiri akae nyuma. Ulimi uutazame kila mnaposimama. Ukiwa mwembamba na anaweza kuurudisha ndani akimeza mate, yuko salama. Ukianza kutanuka mwishoni, huo mwiko uliouona, mwili unatafuta eneo kubwa zaidi la kupozea na haulipati. Mazoezi ya siku hiyo yameisha, hata kama mmetoka getini dakika kumi zilizopita. Baada ya hapo ndiyo mate mazito, fizi nyekundu sana kisha zinapauka, kuyumba, kutapika, kuhara hata damu.

Kuhusu mlichofanya pale. Mpira wa maji ndio uliomwokoa, nadhani huyo kijana anastahili shukrani ya pekee. Maji ya bomba ya kawaida, mwili mzima, tumbo, mapajani kwa ndani, shingoni, huku mtu mwingine anampepea na chochote, hata mfuniko wa ndoo. Poza kwanza, usafiri baadaye, na ndani ya chombo endelea kumpepea. Kanga yule mama alitoa kwa moyo mwema, ila ukimfunika na kuiacha inashika joto la mwili na kuwa kama blanketi. Loweka, futa, ondoa, mwagia tena. Maziwa hapana. Mbwa aliyechanganyikiwa hamezi vizuri, yakiingia kwenye mapafu umeongeza ugonjwa mwingine. Maji mwekee mbele, akitaka atakunywa mwenyewe.

Na hata akiinuka akatikisa mkia, mpeleke kliniki. Figo, ini na damu kushindwa kuganda vinajitokeza siku moja mpaka tatu baadaye. Wako ameshavuka hapo, shukuru.

Nina swali moja. Doria ana kupe?


Mkimbiaji wa Tegeta

Dokta asante mno, nimesoma mara tatu. Ndiyo, kama wiki tatu nyuma nilimtoa kupe masikioni na katikati ya vidole, labda ishirini hivi. Nilimwogesha dawa. Kuna uhusiano?

Na kuna ndugu ameniambia nimnyoe manyoya yote yale ya kishepadi apate hewa.


Daktari wa Mifugo, Morogoro

Usimnyoe. Manyoya ya namna ile ni ya tabaka mbili, yanazuia pia jua lisifike kwenye ngozi. Mchane vizuri, toa ya ndani yaliyokufa, basi.

Kupe ndiyo wasiwasi wangu. Uliandika kwamba ni mpole kuliko kawaida. Homa za kupe kwa mbwa zetu huku ni nyingi mno, ehrlichia na babesia, na zinaweza kukaa mwilini kimyakimya mbwa akila na kucheza kama kawaida. Damu inapungua. Mbwa mwenye upungufu wa damu ukimkimbiza kwenye joto, anazimika kwenye kilomita ambazo mwezi uliopita alizimaliza akiruka. Kampime damu wiki hii. Mpaka majibu yatoke, asikimbie hata mita mia.


Mwana wa Pwani, Kunduchi

Assalaam aleikum jamaa wote, na shikamoo dokta. Mleta uzi pole kwa mnyama wako.

Mimi mbwa sifugi, ni Muislamu, lakini nakimbia ufukweni hapa Kunduchi tangu ujana na nawaona wenye mbwa kila siku. Wengi watakuambia ukimbie alfajiri, na ni kweli, saa kumi na moja na nusu kabla jua halijachomoza ndiyo saa yenye nafuu. Naomba niongeze mawili ambayo hawatakuambia.

La kwanza ni bahari. Usije tu kwa kuwa ni alfajiri. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, alfajiri maji yamejaa, huna pa kupita ila kwenye mchanga mlaini wa juu, na mchanga ule unachosha mtu sembuse mbwa. Kupwa kwake kunakuja kwenye saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali. Unataka siku za maji mafu, mwezi nusu, hapo alfajiri unakuta maji yametoka kiasi na mchanga ni mgumu, umelowa, wa baridi, nyayo zake zinapoa zenyewe. Asinywe maji ya bahari, atatapika na kuhara. Njoo na yako.

La pili nalisema kwa upendo. Saa hiyo watu tunatoka kuswali alfajiri. Sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafii pua na mate ya mbwa yakitugusa tunaosha mara saba, moja kwa mchanga, na kanzu tunabadilisha. Mtu ametia udhu, anawahi swala ya jamaa, mbwa anamjia mbio kumnusa. Mbwa hana kosa, ila wewe unaweza kulizuia. Ukifika karibu na msikiti fupisha kamba, vuka upande wa pili, salimia. Yupo kijana mmoja huwa anafanya hivyo, kila mtu hapa anamheshimu, na mbwa wake tunamjua kwa jina.


Mkimbiaji wa Tegeta

Waaleikum salaam mzee wangu. Nashukuru kwa yote mawili. Hilo la pili sikuwahi kulifikiria, na nimepita mbele ya msikiti wa Mtongani sijui mara ngapi na kamba ndefu. Nisamehe kwa niaba ya niliowakwaza.


Mtembeza Mbwa, Dubai

Habari za nyumbani. Mimi ni mtu wa Tanga, huku Dubai natembeza mbwa wa watu, ndiyo kazi inayolisha watoto. Agosti hapa hata saa kumi alfajiri joto liko juu ya 30, na unyevu ule ule wa kwetu. Mwezi wa sita mpaka wa tisa sikimbii na mbwa hata mmoja. Natembea dakika ishirini, kivulini, maji kila baada ya dakika tano, wengine wanavaa viatu. Mwenye kutaka mbwa wake akimbie anamkimbizia ndani kwenye mashine, kiyoyozi kimewashwa. Dar si Dubai, una nafuu, lakini miezi yako ya kaskazi ichukulie hivyo hivyo.

Jambo jingine, kama unatumia ile ya kufunga mdomo, itupe. Mbwa asiyeweza kufungua mdomo hawezi kuhema. Na mbwa wa pua fupi, hawa akina bulldog na pug, wasikimbizwe kabisa, wanakoroma hata wakiwa wamelala.


Mkimbiaji wa Tegeta

Wakuu narudi na majibu. Dokta ulisema kweli. Damu imepungua na wamekuta ehrlichia. Amepewa doksisaiklini, siku 28, anakula na chakula kwa sababu akinywa tumbo tupu anatapika. Niliposikia majibu nilikaa kwenye benchi pale kliniki sikuwa na la kusema. Nimehesabu, wiki zile mbili kabla ya Jumapili alikuwa anakimbia nami akiwa mgonjwa, na mimi nikaona kasi yake imepungua nikasema ni uvivu.

Moshi nitakwenda. Mazoezi nafanya peke yangu, natoka saa kumi na moja. Nimegundua nikivalia viatu nje ya geti hapigi kelele.


Daktari wa Mifugo, Morogoro

Usijilaumu, mbwa hatakuambia anaumwa. Maliza siku zote 28 hata akionekana mzima siku ya tano. Halafu pima damu tena. Ikirudi vizuri anza kama unamfundisha upya, kutembea dakika kumi na tano wiki ya kwanza, kisha unachanganya kukimbia kidogo. Mwili unahitaji wiki kadhaa kuzoea joto, kwake na kwako. Chakula mpe baada ya mazoezi, akishatulia kama saa nzima, siyo kabla. Mbwa mwenye kifua kirefu kama wa kishepadi akikimbia na tumbo la ugali, linaweza kujaa gesi na kujipinda, na hilo ni la kupasuliwa usiku huohuo. Maji pumzikeni kila kilomita na nusu, anywe kidogo kidogo. Na kamba ifunge kwenye mkanda wa kifuani badala ya shingoni.


Mkimbiaji wa Tegeta

Wakuu, mrejesho. Nimechelewa kwa sababu nilisubiri niwe na la kusema.

Moshi nilimaliza, nilitumia saa mbili na dakika kumi na tisa. Ule mlima wa kuelekea Mweka uliniadabisha, ila hewa ya kule asubuhi ni baridi, nilikimbia nikimkumbuka Doria muda wote, maana kule angefurahi. Damu yake imepimwa mara ya pili, imerudi sawa. Yule kijana wa kuosha pikipiki nimempelekea jezi yangu ya mbio pamoja na ahsante kidogo, na yule mama nimemnunulia doti mpya ya kanga, akacheka sana, akaniuliza mgonjwa wake anaendeleaje.

Jana ndiyo tumetoka kwa mara ya kwanza pamoja. Niliangalia mwezi kwanza kama mzee alivyosema, ulikuwa nusu. Tukafika Kunduchi saa kumi na moja na dakika arobaini, maji yametoka, mchanga mgumu, kaupepo kanatoka baharini. Kwenye msikiti tulivuka upande wa pili, kamba nimeizungusha mkononi mara tatu. Mzee mmoja mwenye kofia nyeupe akanipungia. Sijui kama ndiye wewe, Mwana wa Pwani.

Tulitembea tu. Kilomita mbili kwa dakika thelathini na tano, na vituo viwili vya maji. Alikuwa anavuta kamba kwenda mbele, anageuka kunitazama kwa nini sikimbii. Kila kituo nilichuchumaa nikamshika kidevu. Fizi zilikuwa za waridi, na ulimi mwembamba, anaurudisha ndani akimeza mate, anautoa tena.